Tulivyosoma diski ya zamani ya marehemu

Wamama wapendwa, katika mkutano wa mwezi uliopita wengi wenu mlituuliza: ile mashini ambayo tuliizunguka siku tatu nyumbani kwa yaya wetu, mpaka majirani wakafikiri kuna matanga, ilikuwa mashini gani? Tuliahidi kuandika. Leo tunatimiza ahadi, na tunaandika kwa ruhusa yake. Jina lake hatulitaji, wala majina ya watu wa upande wa pili, kwa sababu shauri bado liko mikononi mwa wakubwa wa mtaa.

Yaya wetu ni mjane. Marehemu bwana wake alisoma Ubelgiji, mjini Liège, katika miaka ya 1980, na aliporudi nyumbani alileta sanduku lenye kompyuta ya nyumbani, ile wengi wetu tunaita ordinateri. Walikaa Goma. Mwaka 1990 papa alianza kununua kiwanja Bagira, hapa Bukavu. Alilipa kidogo kidogo, kila mara mshahara ulipopatikana, na kila malipo aliyaandika katika kaye moja yenye ganda la buluu. Kisha tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikapasuka, lava ikateremka mpaka mjini, nyumba yao ikaungua. Kaye iliungua, karatasi ya kuuziana iliungua. Yaya alitoka na watoto na sufuria moja.

Sanduku la kompyuta lilipona kwa sababu ya kudharauliwa. Mashini ilikuwa imekwisha kuzeeka, watoto hawakuitaka tena, na ilikuwa imeachwa Bukavu kwa dada wa marehemu, chini ya kitanda, pamoja na viatu vibovu.

Papa alikwisha kufariki. Na sasa watoto wa yule aliyeuza kiwanja wamekuja wakisema: baba yetu hakumaliza kulipwa, lipeni upya au tokeni. Ninyi wamama mnajua mjane anavyosimama mbele ya maneno kama hayo akiwa hana karatasi mkononi.

Siku tulipokwenda kumsalimu, yaya alisimulia jambo kama kichekesho. Alisema jioni moja, zamani, marehemu alikaa mbele ya televizyo akinakili kaye yake yote ndani ya mashini. Alikuwa akisema, "Karatasi inachakaa, hii haichakai." Kabla hajamaliza, umeme ukakatika. Papa akakasirika, akafunga mashini, hakurudia tena kazi ile. Yaya alicheka. Sisi hatukucheka. Tulimwuliza: diski ziko wapi?

Hapa lazima tueleze mashini yenyewe, maana watoto wetu wanadhani kompyuta ilizaliwa pamoja na simu. Inaitwa Commodore 64. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982 kwa dola 595, na iliendelea kutengenezwa mpaka 1994, mwaka kampuni yake ilipofilisika. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mwenye kampuni, Jack Tramiel, alizaliwa Łódź huko Poland, akapona katika kambi ya Auschwitz, akaenda Marekani na kuanza na kazi ya mashini za kuandikia. Kompyuta yote imo ndani ya kibodi, nene kama mkate wa nusu kilo, na unaifunga kwenye televizyo ya kawaida. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64. Picha moja tu unayopiga kwa simu leo haiwezi kuingia humo.

Ukizima, kila kitu kinapotea. Kwa hiyo mwenye mashini alinunua pia kisomeo cha diski, kinaitwa 1541, kizito, kikubwa kama sanduku la viatu vya mwanaume. Diski zake ni bapa, laini, zenye upana wa inchi tano na robo, ndani ya mfuko mweusi ambao haufunguliwi. Moja inabeba kilobaiti 170 hivi. Na kisomeo kile si mtumishi tu, kina akili yake ya pekee na kumbukumbu yake ndogo ya kilobaiti 2. Wasomaji wetu washike neno hilo la kumbukumbu ndogo, maana ndilo lililotuibia mwishoni.

Kijana fundi wa televizyo wa barabara yetu hakuturuhusu kuichomeka mara moja, na alikuwa na haki. Transfoma za mashini hizi zikizeeka zinaweza kutoa volti zaidi ya zile 5 zinazotakiwa, na chipu ndani zinaungua bila hata moshi. Alipima kwanza. Ilikuwa 5 na kidogo. Akafungua kisomeo, akafuta kichwa chake kwa pamba yenye alkoli. Diski mbili zilikuwa na ukungu mweupe, akazitenga: diski yenye ukungu ikizunguka ndani inachafua kichwa, na kichwa kichafu kinaharibu diski nyingine inayofuata. Zilibaki saba. Tulizileta mezani, yaya akatandika kitambaa cha sikukuu, sijui kwa nini, labda kwa heshima.

Televizyo ilitoa picha bila rangi, lakini maandishi yalisomeka. Mashini hii haina alama za kugusa. Inakusubiri na neno READY na kimraba kinachopepesa. Ili kuona kilichomo ndani ya diski unaandika hivi:

LOAD"$",8

Alama ya dola ndiyo jina la orodha, na 8 ni namba ya kisomeo. Kisha unaandika LIST, na majina yanashuka mmoja mmoja. Kushoto ya kila jina kuna namba ya vipande inavyokula, na kulia kuna aina yake: PRG ni programu, SEQ ni maandishi yaliyopangwa kwa mfululizo. Chini kabisa inakuambia vimebaki vipande vingapi. Diski mpya, ambayo haijaandikwa, inaonyesha 664.

Diski ya kwanza ilikuwa ya michezo. Ya pili ya michezo. Ya tatu ilikuwa na barua, na yaya akaanza kutoa machozi kwa kuona tu jina la faili, kwa hiyo tuliiweka kando mpaka siku nyingine. Ilikuwa diski ya tano. Katikati ya orodha tuliona:

0 "MALIPO PARCELLE" *SEQ

Tulipiga vigelegele. Kisha fundi akasoma upya akasema, "Mbona vipande ni 0? Na nyota ile ni ya nini?"

Sisi tunaoandika haya ni walimu, tumesoma ISP, lakini mashini hii ilipoanza kuuzwa tulikuwa hatujazaliwa. Hatukujua nyota. Tulifanya jambo ambalo hata wanafunzi wetu tunawakataza: tukabahatisha.

Marehemu alikuwa na diski moja ya vyombo vya kazi. Zamani zile majarida ya kompyuta, kama Compute!'s Gazette ya Marekani iliyoanza mwaka 1983, yalikuwa yanachapa programu nzima kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na msomaji anaiandika mwenyewe kwa vidole vyake nyumbani, jioni nyingi, mmoja akisoma namba kwa sauti na mwingine akibonyeza. Kwa hiyo waliweka pia hesabu ya kuhakikisha kila mstari, ili ukikosea namba moja ujue. Papa alikuwa ameandika programu moja ya namna hiyo, ya kupanga orodha za diski, na menyu yake aliigeuza kwa Kifaransa: kusoma orodha, kubadili jina, kufuta, kufunga faili lisifutike, kupanga majina kwa alfabeti. Na mwisho: VALIDER.

Wamama, ninyi mnatuma fedha kwa simu kila juma. Neno VALIDER ni neno gani? Ni kukubali. Ni kusema ndiyo, kazi imekwisha, peleka. Sisi tukafikiri: faili lina nyota kwa sababu halikumalizwa, basi tukivalidisha, litamalizwa, nyota itaondoka. Fundi pia aliona ni sawa. Kidole kilikuwa juu ya kibodi. Programu ikauliza: una hakika, O au N?

Yaya, aliyekuwa kimya akichambua sombe pembeni, akauliza bila kuinua kichwa: "Hiyo valider, kama inakosea, inarudi nyuma?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukabonyeza N.

Usiku ule tulimtumia sauti kijana wetu mmoja, mwanafunzi wetu wa zamani, ambaye sasa anasoma informatiki. Alitujibu kabla ya alfajiri, na alikuwa anapiga kelele. Alisema: msiguse, tafuteni kipande cha karatasi ya kunata, zibeni ule ufa wa mraba ulio ubavuni mwa diski. Katika diski hizi ufa ukiwa wazi kisomeo kinaruhusiwa kuandika, ukiwa umezibwa hakiruhusiwi, na ukijaribu kuandika kinakukatalia na kosa namba 26. Tulitumia bandi ya kidonda. Ndipo akatueleza namna orodha inavyofanya kazi, na sisi tunawaeleza ninyi kwa lugha ya darasa.

Diski imegawanywa katika duara 35, moja ndani ya nyingine, kama pete za kitunguu ukikikata. Kila duara lina vipande kati ya 17 na 21, mengi zaidi kwa nje kwa sababu nje kuna nafasi. Duara la 18, lililo katikati, halibebi kazi ya mtu. Hilo ni la orodha. Limewekwa katikati ili kichwa kisitembee mbali, popote kilipo. Humo kuna kipande kimoja kinachoandika vipi ni tupu na vipi vimejaa, na vingine 18 ni vya majina, kila kimoja majina 8. Fanyeni hesabu: 144. Jina la 145 linakataliwa hata kama diski ina nafasi tele, sawasawa na registre ya darasa yenye mistari 144: mtoto anaweza kukaa kwenye benchi, lakini hana mahali pa kuandikwa.

Na registre haina mtoto ndani yake. Ina jina lake, lenye herufi 16 kwa wingi, aina yake, idadi ya vipande, na mahali pa kipande cha kwanza. Basi. Kipande cha kwanza ndicho kinachojua cha pili kiko wapi, cha pili kinajua cha tatu. Mmeona watoto wa gardien wakivuka barabara, kila mmoja ameshika shati la aliye mbele yake? Ni hivyo. Kila kipande kina baiti 256, mbili za kwanza ni mkono unaoshika shati, na 254 zinabaki kwa maandishi.

Ukifuta faili, mashini haiendi kufuta maandishi. Inaandika sifuri mahali pa aina, jina linaacha kuonekana, na vipande vinahesabiwa kuwa tupu. Watoto bado wamesimama barabarani, isipokuwa jina limekatwa. Watapotea siku faili jingine litakapokuja kukaa mahali pao.

Hapa tutoke kidogo nje ya habari yetu, kwa sababu jambo hili linafanana na kadi ndogo ya kumbukumbu mnayoweka katika simu au kamera. Mtoto akifuta picha za ubatizo katika kadi ile, mara nyingi picha bado zimo, orodha tu ndiyo imeguswa. Usipige picha nyingine. Toa kadi, ifunge kwa karatasi, ipeleke kwa fundi mwenye programu ya kurudisha. Mama aliyeendelea kupiga picha sikukuu nzima ndiye aliyezika za kwanza. Kwa kumbukumbu ya ndani ya simu za sasa hatuwaahidi hivyo, zile zimepangwa kwa namna nyingine na mara nyingi kilichofutwa kimekwenda.

Turudi kwa nyota. Faili la kuandikwa linapofunguliwa, kisomeo kinaandika jina katika orodha mara moja, lakini kinaliweka kama mlango ulio wazi. Ukimaliza unalifunga, ndipo kinaandika idadi ya vipande na kuondoa nyota. Papa hakufunga. Umeme ulifunga kwa niaba yake. Kwa hiyo jina lilibaki na nyota na vipande 0, na ukijaribu kulisoma kwa kawaida mashini inakataa.

Na VALIDER je? Katika mashini hii maana yake si kukubali. Kisomeo kinapitia kila faili lililofungwa vizuri, kinafuata mkono kwa mkono vipande vyake, kisha kinaandika upya hesabu ya vilivyojaa. Vyote ambavyo havina mwenyewe vinatangazwa kuwa tupu. Na faili lenye nyota linakatwa katika orodha. Ni kazi nzuri ya usafi, vitabu vya zamani vinashauri kuifanya. Kwetu ingekuwa kufagia ushahidi nje ya mlango. Maandishi yangebaki kwa muda, ndiyo, lakini jina lenye kuonyesha kipande cha kwanza lingepotea machoni, na sisi, kwa ujinga wetu, tungeandika kitu kingine juu yake kesho yake.

Tumewaambia wanafunzi wetu habari hii ya swali la yaya. Wengine walisema alikuwa na bahati. Hatukubali. Mtu aliyepoteza nyumba siku moja anajua kuuliza kama jambo linarudi nyuma.

Siku ya pili, diski ikiwa na bandi yake, kijana alituelekeza kwa simu. Kuna njia ya kufungua faili lenye nyota kwa kusoma tu, bila kuligusa: badala ya herufi R ya kusoma unaweka M. Alituamuru tuandike mistari miwili:

10 OPEN 2,8,2,"MALIPO PARCELLE,S,M"
20 GET#2,A$:PRINT A$;:GOTO 20

Yaani: fungua, chukua herufi moja, iandike kwenye televizyo, rudi uchukue nyingine. Tuliandika. Kisha mmoja wetu akawa na mashaka, je PARCELLE imeandikwa na L mbili? Tukaita orodha tena kwa LOAD"$",8 ili kuhakikisha. Tuliporudi, programu yetu haikuwapo! Tukaandika LIST, ikatokea orodha ya diski badala yake. Mashini hii inaipakia orodha mahali palepale programu inapokaa, na kilichokuwa hapo kinakwenda. Ilikuwa mistari miwili tu, tukacheka. Fikirini yule aliyekuwa ameandika programu ya jarida kwa jioni nne, hajaihifadhi, akataka kuona kidogo kama diski ina nafasi.

Kumbe kampuni yenyewe ilikuwa inatoa dawa ya jambo hilo. Pamoja na kisomeo ilikuja diski ya mfano, na ndani yake programu ndogo inayoitwa DOS 5.1. Ukiiwasha kwanza, unaandika @$ na orodha inapita kwenye skrini bila kugusa kazi yako. Papa alikuwa nayo diski hiyo, katika mfuko wake wa asili. Juu yake aliandika kwa biki nyekundu: D'ABORD CECI. Hatukuwa tumesoma maandishi yake.

Tukaandika upya mistari miwili. RUN. Kisomeo kikawaka taa nyekundu, kikanguruma kama kinu.

Herufi zilianza kutoka polepole. Tarehe. Kiasi, katika zaire za wakati ule. Jina la aliyepokea. Jina la shahidi. Mstari wa pili. Yaya alikuwa amesimama nyuma yetu na alianza kusoma kwa sauti, na kila jina alisema, "Huyu alifariki. Huyu alifariki. Huyu yuko Uvira." Tulipiga picha ya skrini kwa simu tatu tofauti. Hatukutaka kuandika chochote katika diski ile, na huko Ulaya wapenzi wa mashini hizi wana kifaa cha kuunganisha kisomeo na kompyuta ya leo, kinaitwa ZoomFloppy, kinanakili diski nzima kuwa faili moja la baiti 174,848. Sisi tulikuwa na simu na mkono usiotulia.

Mstari wa nane ulipita. Wa tisa ulianza, tarehe yake, kiasi chake, halafu jina la mpokeaji likakatika katikati, na hapo skrini ikaanza kumwaga vinyangarika: alama za mioyo, mistari, herufi zisizo na maana, kisha vipande vya mchezo fulani wa zamani. Tukabonyeza RUN/STOP.

Malipo yalikuwa kumi na mawili. Yaya anakumbuka idadi hiyo vizuri kwa sababu la mwisho lilikwenda na mbuzi. Yako wapi manne?

Kijana alitueleza, na hapa ndipo ile kumbukumbu ndogo ya kisomeo inapoingia. Kisomeo hakiandiki kila herufi kwenye diski pale pale. Ni kama mama wa sambaza pale ufukweni, hapandi kilima kwa kila samaki, anangoja beseni lijae. Beseni la kisomeo ni herufi 254. Likijaa, linamwagwa kwenye diski na jingine linaanza. Mistari ya papa ilikuwa na herufi kama 60 kila mmoja. Beseni mbili ni herufi 508, yaani mistari minane na nusu ya wa tisa. Hesabu iliingia kama ufunguo katika kufuli. Beseni la tatu lilikuwa bado kichwani mwa kisomeo umeme ulipokatika. Mkono wa kipande cha pili ulishika mahali ambapo cha tatu kilitakiwa kuja, lakini pale palikuwa na mabaki ya mchezo uliofutwa zamani, na hayo ndiyo tuliyoyaona yakimwagika. Yale malipo ya mwisho hayakuwahi kufika kwenye diski hata kidogo. Hakuna programu duniani itakayoyarudisha.

Tulikaa kimya. Chai ilipoa. Kisha yaya alisema tumwonyeshe tena picha ya mstari wa sita.

Shahidi wa mstari wa sita, na tena wa nane, ni mama mmoja ambaye yaya alidhani alihama miaka mingi. Mmoja wetu alimjua. Ni bibi wa mwanafunzi wetu, yuko Bagira hiyohiyo, macho yake ni dhaifu lakini kichwa chake kizima. Tulimwendea jioni ile na kilo mbili za sukari. Hatukumwambia lolote la mashini. Tulimwuliza tu kama alipata kushuhudia malipo ya kiwanja fulani. Akajibu, "Kile cha mwalimu wa Goma? Mimi nilikuwapo mpaka siku ya mbuzi."

Wakubwa wa mtaa wameziona picha za simu. Mmoja wao alisema wazi kwamba maandishi ya kompyuta ambayo mtu ameyaandika mwenyewe nyumbani kwake hayana sahihi, na hatuwezi kumlaumu, ni kweli. Lakini walikubali kumwita mama yule, na watoto wa muuzaji walipolisikia jina lake waliomba siku ya kufikiri.

Shauri litasikilizwa tena siku ya nne ya juma lijalo, saa tatu asubuhi. Yaya anaomba wamama watakaoweza wamsindikize. Tutakutana soko la Kadutu, upande wa wauza unga, saa mbili kamili, na anayeweza kumshika mkono mama shahidi katika mteremko aje mapema. Mashini imerudi katika sanduku lake, safari hii juu ya kabati. Diski ya tano tunayo sisi shuleni, ndani ya kabati lenye kufuli, na bandi bado iko juu ya ufa wake. Ile ya barua yaya amesema tutaifungua akiwa tayari, na kwamba siku hiyo ataomba tumwachie chumba.